Kijana anayesikia sauti: ruqya (kisomo cha Kurani cha kumtibu mgonjwa) au dawa za hospitali?

Swali: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mama, naishi Eastleigh. Mwanangu wa miaka 19 aliacha kulala, akawa anasikia watu wakimtukana. Hospitali walimdunga sindano na kumpa vidonge. Siku ya pili shingo ikampinda, macho yakapanda juu. Msomaji ruqya akasema jini limechokozwa na dawa, tuziache, kisha akamchapa fimbo. Je, kumrudisha hospitali ni udhaifu wa imani?

Jibu: Waalaykum salaam, mama. Pole sana. Mrudishe leo, usingoje kesho. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, akasema kila ugonjwa una dawa isipokuwa mmoja: uzee. Ugonjwa wa akili hakuutoa.

Kwamba majini wapo, hatubishani. Lakini lililopinda shingo ya mwanao ni jambo linalojulikana. Baadhi ya dawa hizi, hasa haloperidoli, hukaza misuli ya shingo, taya na macho saa au siku chache baada ya kuanzwa, na vijana wa kiume hupatwa zaidi. Daktari humdunga dawa ya kulegeza misuli, mara nyingi shingo ikanyooka kabla ya saa kwisha, kisha hupunguza kipimo, hubadilisha dawa au huongeza benzheksoli, kidonge cha kuzuia mkazo huo. Koo likikaza akashindwa kupumua, kimbia naye usiku huo huo.

Na fimbo? Wanadai kipigo humfika jini, si mtu. Mvue shati mwanao uangalie michubuko iko kwenye ngozi ya nani. Mtume amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana, na akasema kalamu imeinuliwa kwa mwendawazimu mpaka apate akili. Asiyeandikiwa dhambi anachapwa kwa kosa gani? Ni haramu, na kumfunga minyororo vilevile. Anayemwambia mgonjwa atupe dawa amebeba dhima nzito, kwani vidonge huchukua wiki kadhaa kutuliza sauti, na baada ya kutulia huendelezwa kwa kawaida mwaka au zaidi. Wengi huviacha wanapoona kijana amepona, kisha ugonjwa hurudi.

Chanzo cha ugonjwa huu si kimoja: urithi wa ukoo, mateso ya utotoni, bangi. Miraa nayo humkesha, na kukesha huchochea sauti. Muulize kwa upole kama anatumia, umweleze daktari ukweli. Usijilaumu kwa malezi, wala usiogope jina la Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili ya Nairobi.

Vidonge vitunze wewe; andika jina, miligramu na saa. Akisahau kimoja, usimpe viwili kwa pamoja. Akitaja kufa, asibaki peke yake, na dawa ya panya itoke nyumbani. Sala zilizompita akili ikiwa imemtoka hazilipi, maadamu hakujilevya kwa makusudi. Ramadhani asifunge kabla daktari hajaridhia.

Ruqya uifanye wewe mwenyewe. Baada ya Magharibi mpanguse kwa mkono wa kulia, soma Fatiha, Ayatul Kursiyyu, Falaq na Naas, useme "Adhhibil ba'sa Rabban-naas", kisha mpe kidonge chake na maji.

Wallahu aalam.