Barua zenu: "Dada, nikisomea upishi Australia napata makaratasi?"

Mwezi huu nimepata barua nyingi na karibu zote zinauliza jambo moja, kozi ya upishi Australia na kama kweli inaleta ukaazi. Nimechukua nne. Mimi mwenyewe niliingia Melbourne 2008 kwa kozi hiyohiyo na hadi leo nalipwa kwa kushika sufuria, kwa hiyo mkiona najibu kwa ukali kidogo mnisamehe.

"Shikamoo dada. Nina miaka 27, sijaolewa, kwetu Tanga ila nafanya kazi jikoni kwenye hoteli Nungwi, huu mwaka wa nne. Kuna wakala Dar kasema kuna kozi ya upishi Australia ya mwaka mmoja, ukimaliza unapewa PR (ukaazi wa kudumu) maana kule wapishi hawapo. Anataka milioni tatu za kufungua faili. Mama yuko tayari kuuza kiwanja. Niende?" (Mpishi wa Nungwi)

Marahaba mdogo wangu. Mwambie mama akae na kiwanja chake kwanza, tuongee.

Hiyo kozi anayokuuzia ni Certificate III in Commercial Cookery, huku tunaiita Sati Thrii. Ni kozi ya kweli wala si utapeli, na si ya kukaa darasani ukaandika noti, kuna somo moja tu humo ndani linataka ufanye shifti 48 kamili za huduma, oda zinaingia na mpishi mkuu anakufokea, ndio wakupitishe. Tatizo ni huo mwaka mmoja. Ukimaliza masomo viza ya kubaki ufanye kazi ni namba 485, na hiyo inataka uwe umesoma Australia kozi zenye jumla ya wiki 92 angalau, ndio maana watu wanaunganisha Sati Thrii na Certificate IV in Kitchen Management na wengi wanamalizia na diploma. Halafu wenzetu huku wanatenganisha "cook", mpishi wa kawaida, na "chef", mpishi wa ngazi ya juu, Sati Thrii inakupeleka kwenye cook, Sati Foo ndio inakufikisha kwenye chef, na kwenye orodha ya kazi ya hiyo 485 aliyemo ni chef. Kwa hiyo huyo wakala amekupa robo ya safari akaiita safari nzima.

Sasa sikiliza sehemu ambayo mawakala hawaigusi. Chuo kukupa cheti na serikali kukukubali kuwa wewe ni mpishi ni vitu viwili tofauti. Wanaokukubali ni Trades Recognition Australia, TRA, na wana mpango wao unaitwa Job Ready Program. Mlango wa kwanza wanataka cheti chako pamoja na saa 360 za kazi au mafunzo ya vitendo jikoni. Ukipita hapo unajiandikisha upya na mwajiri wako, unafanya kazi ya kulipwa saa 1,725 ndani ya muda usiopungua miezi 12, halafu mtu wao anakuja hapohapo jikoni kwenu anasimama anakuangalia unavyopika. Ndio wanatoa karatasi ya mwisho.

Piga hesabu hapo. Viza ya 485 kwa sisi wa ufundi ni miezi 18. Kazi ya TRA inakula 12 na haianzi kuhesabiwa mpaka ujiandikishe, hata kama ulikuwa jikoni humohumo miaka miwili nyuma. Saa 1,725 kwa mwaka ni kama 33 kila wiki, maana yake ukipata mkahawa unaokupa shifti tatu tatu hufiki, na ukikaa miezi minne ya kwanza unatafuta kazi nzuri zaidi ujue saa inakimbia. Nimeona watu wazuri, wapishi kuliko mimi, wamekwama hapa tu, walimaliza chuo wakapumzika kidogo wakaenda nyumbani kuoa, wanarudi miezi imekatika.

Kitu kingine, salari slipu. Kuna majiko mengi, na nasema hivi kwa uchungu mengi ni ya wahamiaji wenzetu, yatakwambia njoo nikulipe keshi mkononi dola 15 za Australia kwa saa. Kima cha chini cha nchi nzima kuanzia Julai 2025 kiliwekwa dola 24.95, na mwajiri anatakiwa akuwekee juu yake asilimia 12 ya akiba ya uzeeni. Ukichukua hiyo keshi umeibiwa mara mbili, hela imepungua na saa hazina ushahidi. Hapo TRA huna hata saa moja.

Ukaazi unaombwa kwa pointi, na zako nimekuhesabia. Umri wako unakupa pointi 30. Kiingereza ukipata 7 kila kipengele kwenye mtihani wa IELTS ni 10. Cheti cha ufundi au diploma 10, kusoma Australia 5, kuwa huna mwenza 10. Jumla 65, na 65 ndio kima cha chini cha kuruhusiwa kusimama kwenye foleni, kuitwa ni jambo jingine na mara nyingi wanaitwa wenye zaidi. Ukifanya kazi mwaka mmoja huku kwa ujuzi wako unaongeza 5. Ukikubali kuishi nje ya miji mikubwa kwa viza ya 491 jimbo au ndugu aliyeko huko anakudhamini unaongezewa 15, ni viza ya miaka mitano, na baada ya miaka mitatu unaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa namba 191. Kwa mpishi njia hii ndio naiona ya kweli zaidi. Jiandae kisaikolojia kuishi mji ambao saa mbili usiku kumefungwa kila kitu isipokuwa kituo cha mafuta.

Hela. Viza ya mwanafunzi, namba 500, ada yake kuanzia Julai 2025 iliwekwa dola 2,000 za Australia, ukinyimwa hairudi. Uonyeshe una dola 29,710 za kujikimu mwaka mmoja, kwa shilingi inakaribia milioni 50 kutegemea bei ya siku, na juu yake nauli na ada ya chuo ya mwaka wa kwanza. Bima ya afya lazima. IELTS 6. Masomo yakiwa yanaendelea unaruhusiwa kufanya kazi saa 48 kwa wiki mbili, kwa hiyo hesabu ya "nitafanya kazi nilipe ada" weka pembeni, hizo saa zinalipa chumba na chakula, basi.

Uende? Wewe unapika tayari na unaonekana unaipenda, kwa hiyo mwombaji kama wewe ana hadithi inayoeleweka kwa afisa wa viza. Lakini si kwa huyo wakala. Mtu wa kukushauri mambo ya viza akiwa huku Australia lazima awe wakala aliyesajiliwa au wakili, namba yake unaitafuta mwenyewe, na chuo kiwe kwenye CRICOS, rejista ya serikali ya vyuo vinavyoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni. Milioni tatu za kufungua faili ni za kufungua faili la nani? Kama kiwanja ndio mtaji wote wa nyumba yenu, mimi ningebaki kwanza, nikamilishe IELTS 7, nikusanye barua za kazi za kweli, mwaka ujao tuongee tena.

"Dadangu, hujambo. Mimi ni wa Likoni, miaka 38, msaidizi wa mpishi mkuu hotelini Diani, nina miaka kumi na moja jikoni. Nina mke na watoto wawili. Nikienda kusoma na familia nzima yawezekana?" (Baba Watoto, Mombasa)

Sijambo kaka. Yawezekana, lakini kwa nini usome kitu ambacho ungeweza kukifundisha?

Tangu Julai 2024 viza ya 485 ni kwa walio na miaka 35 au chini. Ukimaliza chuo una 40, huna 485, bila 485 ile miezi 12 ya TRA unaifanya kwa viza gani? Mke unamwonyeshea dola 10,394 zaidi, kila mtoto 4,449, na yako 29,710, jumla dola 49,002 kabla hujagusa ada ya mtu yeyote. Hiyo hela kaka ni nyumba Likoni.

Njia yako ni mwajiri. Kuna viza ya 482 ambayo tangu Desemba 2024 inaitwa Skills in Demand, inataka mwaka mmoja tu wa uzoefu na wewe unayo kumi na moja, na mwajiri akulipe si chini ya kima chao, ambacho kuanzia Julai 2025 kiliwekwa dola 76,515 kwa mwaka. Ukifanya kazi miaka miwili naye anaweza kukupeleka kwenye ukaazi kwa namba 186. Angalia tu jiko lenyewe ni la aina gani maana mikahawa ya chakula cha haraka hairuhusiwi kuleta chef, hata akiandika "chef" kwenye mkataba. Na mtu akikwambia ulipe ili upate udhamini, kimbia, tangu 2015 kuuza udhamini ni kosa la sheria huku na anayenunua naye anaadhibiwa.

Mimi mwenyewe ndivyo nilivyopona, mwajiri wa mji mdogo karibu na Shepparton, kaskazini mwa Victoria. Shepparton nilikuta Wakongo kibao wanaongea Kiswahili chao kile cha kuimba, mama mmoja akanipikia sombe wiki ya kwanza nikalia kama mtoto. Tafuta hoteli na mikahawa ya miji ya namna hiyo, andika barua hamsini, tuma na picha za sahani zako.

"Anti, mimi ni Muislamu wa Lamu, nina miaka 22. Nasikia chuoni lazima upike nguruwe na mvinyo. Ni kweli?" (Kijana wa Lamu)

Kweli mwanangu, mtaala una nguruwe kwenye somo la nyama, na michuzi mingi ya Kifaransa wanaimwagia mvinyo. Darasani kwetu Waislamu tulikuwa sita, tulishika kwa glavu, kuonja tukamwachia mwenzetu mmoja Mnepali ambaye alifurahi sana mwaka mzima. Mwalimu wetu alikubali. Wa kwako sijui kama atakubali, kwa hiyo waandikie chuo barua pepe uulize kabla ya kulipa, jibu ulitunze. Na ujue baada ya chuo jiko litakalokuajiri litakuwa na bekoni kila asubuhi. Wapo wanaopata kazi majiko ya halali, hasa Sydney na Melbourne upande wa Walebanoni na Waturuki, ila ni machache. Ongea na moyo wako na wazee wako kwanza.

"Habari dada. Niko Nairobi, ni mhasibu, miaka 30. Kaka yangu Perth anasema uhasibu foleni ni ndefu, nichukue kozi ya upishi, atanitafutia barua ya kazi ya hoteli. Kupika sipendi kabisa hahaha. Na je visu tunanunua wenyewe?" (CPA)

Nzuri. Cheka tu, mimi hapa sicheki.

2005 Australia waliweka upishi na ususi kwenye orodha ya kazi zinazopewa pointi za ziada. Vyuo vikaota Melbourne na Sydney kama uyoga, vingine ghorofa ya tatu juu ya duka la simu, jiko moja wanafunzi mia. Walikuwemo madaktari wa meno, wahandisi, wahasibu, wote "wapishi". Wakati ule sharti lilikuwa saa 900 za kazi, na barua za saa 900 zilikuwa zinauzwa waziwazi. Chuo changu mwenyewe, jina nalimeza, siku moja 2009 tulikuta mlango una mnyororo na mlinzi hajui lolote. Halafu Februari 8, 2010 waziri wa uhamiaji Chris Evans akaifuta ile orodha, na Julai mwaka huo orodha mpya ikatoka haina sisi. Watu walikuwa wamebakiza miezi miwili wamalize. Nakumbuka jamaa mmoja alikaa kwenye ngazi za kituo cha treni cha Flinders Street, Melbourne, na mfuko wake wa visu miguuni, hasemi. Chef alirudi kwenye orodha 2014, na wengi wetu tulikuwa tumeshaondoka au tumeshazeeka kwa pointi.

Waliobaki ni waliokuwa wapishi kweli, maana orodha ilipofungwa bado kulikuwa na mwajiri aliyewataka. Wewe orodha ikibadilika ukiwa mwaka wa pili utamwendea mwajiri gani, na unachukia kukata vitunguu?

Hiyo barua ya hoteli ikibainika ni ya uongo viza inakataliwa na unafungiwa miaka mitatu, uhasibu wako nao unakufa humohumo. Na tangu Machi 2024 fomu inakuuliza kwa maandishi kwa nini unasoma hiki na kitakusaidia nini, mhasibu wa CPA anayejibu "napenda upishi" afisa anamjua kwa harufu. Foleni ya uhasibu ni ndefu kweli, lakini ni foleni yako. Panda Kiingereza mpaka 8 kila kipengele, hapo ni pointi 20.

Visu na sare vyuo vingi vinalipisha pembeni ya ada, au vinauza seti yao kwa bei ya kukukomoa. Kwa anayekwenda kweli: kisu kimoja kizuri cha mpishi, kidogo kimoja cha kumenyea, na viatu visivyoteleza kabla ya hivyo vyote. Na viende kwenye begi la chini la ndege, usije ukaanza Australia kwa kuhojiwa uwanja wa Nairobi.