Rinda la Nyanya Yako

Mwanangu Nabwire,

Ujumbe wako wa juzi usiku niliusoma mara tatu, kisha usingizi ukanipaa. Unasema ulikuwa kwenye steji ya Lanet huko Nakuru jioni, umevaa lile rinda la nyanya yako la rangi ya haradali, manamba mmoja, mpiga debe wa matatu, akakushika kola na kupaza sauti kwamba umevaa nguo ya maiti. Wenzake wakacheka wakakuandama hadi mlangoni mwa matatu. Mama mmoja muuza ndizi, uliyedhani atakutetea, akasema umejitakia. Halafu ukaniuliza: "Mama, nilikunje nilirudishe sandukuni?"

Hapana, mwanangu. Usilirudishe.

Ligeuze kwanza uangalie pindo. Vidole vinne hivi juu ya ukingo kuna mstari uliochujuka, na chini yake rangi ni mbichi kuliko sehemu nyingine zote. Ukiliinua dirishani utaona na vitundu vya sindano, vimejipanga kama siafu. Huo ndio mshono wa kwanza. Rinda lilikuwa linaishia hapo, juu ya goti.

Nyanya yako alilishonesha mwaka 1971, kwa poplini aliyoinunua katika duka la Mhindi hapa Kisumu. Dada yake alikuwa ameolewa Tororo, na siku hizo kutoka kwetu Nambale kuvuka Busia kulikuwa kama kwenda kwa jirani kuomba chumvi. Mwaka 1972 Amin akapiga marufuku nguo fupi za wanawake kule Uganda. Miaka miwili baadaye akaongeza wigi na suruali. Nilikuwa na miaka saba tulipovuka mara ya kwanza baada ya amri ile. Tulipokaribia mpaka, mama alitoa leso akajifunga juu ya rinda, akashika fundo kwa mkono mmoja njia nzima. Mkono ule naukumbuka kwa sababu nilitaka kuushika mimi, naye hakunipa.

Tuliporudi aliketi kwenye kigoda kando ya taa ya mafuta, akafumua pindo kwa wembe na kulishusha. Hakuna aliyemwagiza. Tangu siku hiyo rinda lile likawa la kanisani tu. Sokoni hakulivaa tena. Amin alikimbia mwaka 1979, na pindo likabaki palepale. Nilipokwisha kuwa fundi nilimwomba nimpandishie. Akasema, "Liache, limeshazoea." Maneno hayo hunichoma hadi leo, kwa maana najua si rinda lililozoea.

Sasa wewe unataka kulikunja kabisa.

Kuhusu nguo ya maiti: ni kweli nyanya yako alikufa. Siku ya kugawa nguo zake, shangazi zako walikuita mbele ya watu wote wakakukabidhi rinda hilo kwa sababu umebeba jina lake. Hukuliokota popote. Na huyo manamba, shati lake alilitoa wapi? Miaka ishirini na miwili nimeketi na cherehani yangu soko la Kibuye nikipunguza viuno vya suruali za mitumba. Jumapili marobota yakifunguliwa watu husukumana kugombea kamera, zile nguo bora za kwanza, na sijasikia hata mmoja akiuliza aliyevaa kwanza yuko hai au yuko kaburini. Wazee waliziita kafa Ulaya, na walizivaa. Kilichomkera kijana yule si marehemu. Alimwona msichana aliye peke yake, hafanani na wengine, naye haombi ruhusa.

Unakumbuka kaunda suti? Mwaka 2023 Rais Ruto alipozipenda, wanaume walipanga foleni kibandani kwangu. Mwezi wa Novemba Spika akazipiga marufuku Bungeni. Suti ni zilezile, mishono ni ileile. Lakini sikusikia mwanamume hata mmoja aliyevutwa kola steji kwa ajili yake.

Sikutumi ukawe shujaa barabarani saa moja usiku. Ukiona wameanza, ingia dukani, ukae na watu. Leso iweke mkobani, Nakuru kuna baridi. Kujifunga au kutojifunga uwe uamuzi wako. Akikugusa tena, nenda kituo cha polisi uulize dawati la jinsia, au piga 1195, ni bure. Kumshika mtu nguo si mzaha wa steji. Tarehe 17 Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani, na mwaka huohuo kumvua mtu nguo kwa nguvu kukaongezwa waziwazi kwenye Kanuni ya Adhabu kuwa kosa la jinai.

Hapo kuna jambo ambalo sijawahi kukuambia. Habari ile ilipotoka tulikuwa mezani, wewe una miaka kumi na saba, nami nikasema, "Kwani alivaa nini?" Uliniangalia, ukaacha chakula, ukaondoka. Yule mama wa ndizi amesema maneno yangu mimi. Nilikosa, mwanangu, na niliyasema wakati nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu mama akishika lile fundo la leso njia nzima. Nisamehe.

Katika picha uliyotuma naona kola imeachia upande wa kushoto, pale alipokuvuta. Usiishone wewe, utaikunja vibaya. Lifue kwa maji baridi, ulianike kivulini, uje nalo Desemba. Na ukitaka pindo lirudi juu lilipokuwa mwaka 1971, vile vitundu vya sindano bado vipo, nitavifuata kimoja kimoja. Uzi wa haradali ninao.

Mama yako