Binti Yangu Ananiona Mnafiki

SWALI: Shikamoo mama. Nina watoto watatu. Kila jioni naongoza sala nyumbani, na Jumapili nafundisha watoto kanisani. Shida yangu ni asubuhi. Soksi hazionekani, daftari halijasainiwa, mdogo amejifungia bafuni. Nafoka mpaka natetemeka. Juzi nilipofungua Biblia, binti yangu wa miaka 14 akaniuliza mbele ya wenzake: "Mama, hiyo sauti ya upole huwa unaificha wapi asubuhi?" Baba yao anasema aadhibiwe kwa kukosa adabu. Mimi nawaza niache kuongoza sala, na kufundisha pia, mpaka nibadilike. Nifanyeje?
Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali la binti yako limenichekesha kwanza, kisha likanichoma.

Adhabu, hapana. Kwa kukusema mbele ya wadogo zake anaweza kuonywa, tena na wewe mwenyewe, mkiwa wawili. Lakini mkimwadhibu kwa kilichosemwa, ambacho ni kweli, atajifunza kuwa kwenye sala ukweli hautakiwi.

Unamjua Monika, mama wa Augustino, yule mtakatifu aliyekuwa askofu zamani huko Afrika Kaskazini? Kanisani tunasimuliwa machozi yake: jinsi alivyomlilia mwanawe miaka na miaka, hadi kijana akabatizwa Milano mwaka 387. Hilo la machozi tunalipenda sana sisi akina mama. Lisilosimuliwa sana ni lile ambalo Augustino mwenyewe aliliandika. Monika alipokuwa msichana alikuwa akitumwa kuchota divai pipani, akawa anaonja kidogo kidogo, mpaka akafikia kunywa vikombe vizima. Siku moja akagombana na kijakazi wa nyumbani, naye akamtupia usoni kwamba ni mlevi. Kijakazi hakuwa na nia ya kumponya. Alikuwa na hasira na alitaka kumwumiza. Monika akaona aibu, akaacha. Angeweza kumshtaki yule kijakazi kwa kukosa adabu, na kwa nafasi yake nyumbani angesikilizwa.

Kwa hiyo usipime kama binti yako alisema kwa upendo. Nenda kwake mchana, si wakati wa sala, umtajie kosa lenyewe: "Siku ile nilikufokea kwa ajili ya soksi, nikakuita mzembe. Nisamehe." Ukishasema hivyo, nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe". Na tafadhali usimwombe radhi kwa kumpitia Mungu. Nimesikia wazazi wengi wakisali kwa sauti, "Bwana, nisamehe, maana watoto hawa wamenijaribu." Hiyo ni kesi inayosomwa macho yakiwa yamefumbwa, na watoto wanaitambua upesi kuliko tunavyodhani.

Kuongoza sala usiache. Ukisubiri ubadilike kwanza, watoto watakua na kuhama bila kupiga magoti nawe. Mariamu na Yusufu, Luka anatuambia, walikwenda mwendo wa kutwa nzima wakidhani mtoto Yesu yumo msafarani. Walimpata hekaluni baada ya siku tatu, na jibu alilowapa hawakulielewa. Hakuna mahali tunaposoma kwamba waliacha kupanda kwenda Yerusalemu kwa kuwa walishindwa kumchunga. Ila punguza kuongoza peke yako. Mpe binti yako zamu, achague somo mwenyewe, hata akichagua linalokugusa.

Halafu kuna asubuhi zenyewe. Sikatai kwamba shetani yupo, lakini daftari ambalo halijasainiwa si kazi yake. Baada ya "Amina" ya jioni, kabla mtu hajaondoka, mabegi yafungwe, soksi ziwekwe juu ya viatu, na baba yao asaini madaftari. Ndiyo, yeye. Anayetaka adabu asubuhi aisaidie kuanzia jioni.

Darasa la Jumapili endelea nalo. Ila kama binti yako yumo humo, mwombe mwalimu mwenzako amchukue kwa muda. Somo la upole alisikie kwanza kwa mtu mwingine.