Meza Iliyochangamka: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Vifaa vya Kuandikia

Barua za safari hii zinahusu jambo ninalolipenda kwa dhati, nalo ni vifaa vya kuandikia na vya mezani vilivyobuniwa kwa uchangamfu: vichongeo vyenye umbo la wanyama, klipu za rangi, vifutio vya maumbo yasiyo ya kawaida, kalamu zinazofutika. Nimechagua barua tano, na nimezifupisha pale ilipobidi.

SWALI: Mimi ni mhasibu mwenye umri wa miaka 46, na hivi karibuni nimekabidhiwa uongozi wa idara. Mezani pangu pana kichongeo chenye umbo la mnyama, klipu zenye umbo la ndege, na kalenda ya plastiki ambayo huigeuza kwa mkono kila asubuhi. Mwenzangu mmoja amenishauri kwa upole kwamba vitu hivyo vinanipunguzia heshima. Je, niviondoe?

JIBU: Ndugu mhasibu, sikushauri uviondoe vyote wala uviache vyote, bali nakupa kipimo ninachokitumia mwenyewe kila ninapokutana na kifaa cha namna hii: uchangamfu wake uwe umo ndani ya kazi yake, usiwe pambo lililobandikwa juu. Hukusema kichongeo chako kina umbo la mnyama gani, lakini kampuni ya Alessi ya Italia ina kichongeo kiitwacho Kastor, kilichobuniwa na Rodrigo Torres kwa umbo la biva, yule mnyama wa mtoni anayeangusha miti kwa kuiguguna kwa meno ya mbele. Mnyama anayeguguna miti amepewa penseli aigugune, na hapo huhitaji kuelezwa lolote, kwa kuwa mkono wako unaozungusha penseli ndio unaoukamilisha mchezo.

Mfano ninaouthamini kuliko yote hauna hata macho wala masikio. Ni kifutio cha Kijapani kiitwacho Kadokeshi, kilichobuniwa na Hideo Kambara na kuanza kuuzwa na kampuni ya Kokuyo mwaka 2003, ambacho leo kimo katika mkusanyiko wa MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Kila aliyewahi kushika kifutio kipya anaijua raha ya pembe yake ya kwanza, kwani pembe hiyo hufuta herufi moja bila kuzigusa jirani zake, na anayajua pia masikitiko ya kuiona imeviringika baada ya siku mbili. Kambara aliunganisha vijichemraba 10 kwa kuvipishanisha, akaacha mapengo kati yake, na kwa njia hiyo akapata pembe 28 katika kifutio kimoja. Pembe moja ikiisha, nyingine inasubiri. Mgeni wako atakichukua akidhani ni kitu cha kuchezea, kisha atafuta tarakimu moja iliyokosewa katikati ya safu nzima, na hatakuuliza tena kiko hapo kwa ajili gani.

Kalenda yako nayo ina ukoo wa kuheshimika. Mwaka 1967 mbunifu Enzo Mari aliitengenezea kampuni ya Danese ya Milano kalenda ya kudumu iitwayo Timor, yenye vibao vyembamba vya plastiki vinavyofunguka kama upepeo, wazo alilolitoa katika ishara za reli. Miaka miwili baadaye, mwaka 1969, Ettore Sottsass na Perry King waliibunia kampuni ya Olivetti taipureta ya kubeba mkononi iitwayo Valentine, nyekundu kuanzia mashine hadi sanduku lake, wakati ambapo mashine za aina hiyo zilizoeleka kuwa na rangi za kupoa kama kijivu. Wabunifu hao hawakuwa wakiwatengenezea watoto. Walikuwa watu wazima waliowafikiria watu wazima wenzao wanaoshinda mezani kutwa, wakaona kwamba kitu kinachoguswa mara kumi kwa siku kinastahili kubuniwa kwa moyo.

Kipimo hicho hicho, hata hivyo, kina ukali wake. Niliwahi kununua kishikio cha selotepu chenye umbo la kobe, kizuri kwelikweli, lakini chepesi kiasi kwamba kila nilipovuta utepe kobe mzima alinifuata, nami nikawa sina budi kumkandamiza kwa mkono wa kushoto. Kishikio cha selotepu hufanya kazi kwa uzito wake, na ndiyo maana vile vya kawaida vya mezani mara nyingi hujazwa mchanga au saruji ndani na kuwekewa mpira chini ili visiteleze. Aliyetengeneza yule kobe alilifikiria gamba, akasahau uzito. Niligawa kitu hicho, na sikijutii.

Kwa hiyo klipu zako za ndege ndizo ninazozitilia shaka. Klipu ya kawaida ina pete mbili za waya, moja ndani ya nyingine, na karatasi zinapoingia kati yake waya hujipinda kidogo na kutaka kurudi mahali pake, na mkazo huo ndio unaoshika. Waya ukishakunjwa kufuata mdomo, bawa na mkia, mara nyingi mkazo hupungua, na ncha inayobaki wazi inaweza kuchana karatasi. Zitumie kwa karatasi mbili tatu unazompelekea mwenzako, lakini hati za wakaguzi zibane kwa klipu ya kawaida.

Ama kuhusu heshima, nasema bila kusita kwamba heshima ya mhasibu iko katika hesabu zilizofungwa kwa wakati na bila dosari. Mwenzako hana nia mbaya, na pengine kinachomsumbua ni wingi wa vitu kuliko vitu vyenyewe. Meza yenye vitu vitatu vilivyochaguliwa kwa makini husomeka tofauti na meza yenye vitu kumi na vitano. Bakisha kichongeo na kalenda, klipu za ndege zilale katika mtoto wa meza, kisha umwonyeshe jinsi kalenda inavyogeuzwa.

SWALI: Nilihifadhi kifutio cheupe chenye umbo zuri la samaki ndani ya kisanduku cha plastiki pamoja na rula yangu inayopenya mwanga. Baada ya miezi kadhaa nimekuta samaki amegandana na rula, na nilipombandua rula ilibaki na alama ya mwili wake, kama imeyeyuka. Je, kifutio hicho kina sumu? Na alama hiyo itatokaje?

JIBU: Alama hiyo haitatoka, na nasikitika kukuambia hivyo, kwa sababu si uchafu uliokaa juu ya rula bali ni rula yenyewe iliyolainika. Vifutio vingi vyeupe vinavyoitwa vya plastiki hutengenezwa kwa polivinili kloridi, yaani PVC, ambayo kwa asili yake ni ngumu kama bomba la maji. Ili iwe laini na iweze kuokota risasi ya penseli kutoka kwenye karatasi huchanganywa na vilainishi, ambavyo ni vimiminika vyenye hali ya mafuta. Vilainishi hivyo havikufungamana kikemia na plastiki inayovibeba. Vimekaa tu katikati yake, na vikikutana kwa muda mrefu na plastiki nyingine inayovipokea, hasa polistireni ambayo rula na visanduku vingi hutengenezwa kwayo, huhama polepole na kuanza kuilainisha nayo. Rangi ya penseli na vanishi ya meza vinaweza kupatwa na jambo hilo hilo.

Sasa tazama vifutio vya kawaida dukani: karibu kila kimoja kimevikwa ala ya karatasi ngumu. Wengi huiona ala hiyo kuwa mahali pa kuandika jina la kampuni, wakaichana na kuitupa siku ya kwanza, ilhali mojawapo ya kazi zake ni kukitenga kifutio na plastiki ya jirani. Samaki wako hakuwa na ala kwa sababu umbo lake halikuruhusu, na hapa umbo liliisahau kazi. Mtengenezee mfuko mdogo wa karatasi, au mweke katika kibeti cha kitambaa mbali na rula. Ukinunua kingine, tafuta kilichoandikwa kwamba hakina PVC. Mpira wa asili na elastoma, yaani plastiki inayonyumbuka kama mpira, havina tabia hiyo kwa kiasi kikubwa namna hii.

Kuhusu sumu, kifutio hakitakudhuru kwa kukishika na kufutia. Swali linabadilika pale anapokuwapo mtoto anayetafuna, na nalijibu hapo chini katika barua ya mwisho.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Nilinunua seti ya kalamu za rangi ambazo maandishi yake hufutika kwa kusugua kwa ncha ya mpira iliyo nyuma ya kalamu, na nikaandikia muhtasari wa muhula mzima. Nimeliacha daftari ndani ya gari juani kwa nusu siku, na kurasa zimerudi nyeupe. Je, kazi yangu imepotea?

JIBU: Binti yangu, pole sana, lakini usikate tamaa na wala usilitupe daftari. Wino huo haufutwi kwa kusuguliwa. Unafutwa na joto, na kusugua ni njia tu ya kulizalisha joto hilo. Ndani ya wino mmewekwa kapsuli ndogo mno, na ndani ya kila kapsuli mna rangi, kemikali inayoifanya rangi hiyo ionekane, na kemikali ya tatu inayotawala kiwango cha joto ambacho hizo mbili zitaachana. Joto likifika takriban nyuzi 60 za Selsiasi zinaachana, na wino unakuwa kama maji. Ndani ya gari lililofungwa juani, hasa juu ya dashibodi, kiwango hicho kinaweza kufikiwa kabisa.

Habari njema ni kwamba rangi haijaondoka kwenye karatasi. Lifunge daftari ndani ya mfuko wa plastiki ili lisipate unyevu, uliweke katika sehemu ya kugandisha ya jokofu usiku kucha, kwa kuwa kuanzia takriban nyuzi 10 chini ya sifuri kwenda chini kemikali zile huanza kuungana tena na maandishi hurudi. Huenda rangi ikarudi ikiwa hafifu, na pia utayaona yale uliyoyafuta kwa makusudi, hivyo jiandae kusoma makosa yako ya zamani pamoja na masahihisho yake. Acha daftari lipate joto la chumba kabla ya kulifungua, kisha unakili au upige picha kurasa zote siku hiyo hiyo.

Nazipenda kalamu hizi kwa kupanga ratiba na kuchora, na sioni sababu ya kuziacha. Lakini usizitumie kutia saini, kujaza fomu, kuandika mtihani, wala kuandika chochote katika jalada la mgonjwa utakapoanza kazi, na usiupitishe ukurasa wake katika mashine ya laminesheni, ile inayoivika karatasi plastiki kwa joto, kwani mashine hiyo itaufuta mbele ya macho yako.

SWALI: Nimezawadiwa stepla ndogo yenye umbo la nyangumi, lakini pini tunazotumia ofisini haziingii. Je, ni mbovu?

JIBU: Si mbovu. Pini za kawaida za ofisini ni 24/6 au 26/6, ambapo namba ya kwanza inahusu unene wa waya na ya pili ni urefu wa mguu kwa milimita, na upana wake ni karibu milimita 13. Stepla ndogo za maumbo kama hiyo kwa kawaida hutumia pini namba 10, zenye upana wa karibu milimita 9 na miguu mifupi zaidi. Omba namba 10, na usimpe nyangumi wako karatasi zaidi ya kumi kwa mara moja.

SWALI: Mume wangu ana mezani kile kifaa cha kuchezea chenye vijipira vya sumaku ambavyo huvipanga maumbo mbalimbali wakati akifikiri. Nami nina mkusanyiko wa vifutio vyenye umbo la matunda na keki. Mtoto wetu ana miaka mitatu na sasa anaifikia meza. Tufanye nini?

JIBU: Mama, sumaku hizo ziondoke leo, si kesho. Mtoto akimeza sumaku moja mara nyingi hupita, lakini akimeza mbili, au sumaku na kipande cha chuma, kwa nyakati tofauti kidogo, zinaweza kuvutana zikiwa katika sehemu mbili tofauti za utumbo na kuubana ukuta wa utumbo katikati yake hadi utoboke. Dalili za mwanzo hufanana na za maumivu ya kawaida ya tumbo, na hapo ndipo wazazi wengi huchelewa. Ukishuku tu kwamba amemeza, mpeleke hospitali mara moja hata kama anacheza, na uwaambie wahudumu neno "sumaku" kabla ya neno jingine lolote. Mumeo ana haki ya kitu cha kuchezea anapofikiri, na vipo vingi visivyo na sumaku, kwa mfano vipande vya mbao vilivyounganishwa kwa kamba.

Vifutio vyako viweke juu, mahali asipofika. Mwaka 1987 Umoja wa Ulaya uliweka agizo, ambalo mwaka 2024 nafasi yake ilichukuliwa na kanuni mpya, dhidi ya bidhaa zinazofanana na chakula kiasi cha kumfanya mtoto azitie mdomoni, na katika vitu vya watoto umeweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa baadhi ya vilainishi vya kundi la thaleti, ambavyo ni ndugu wa vile vilivyomharibia rula yule msomaji wa samaki. Wengi wanaokusanya vifutio hawavitumii kufutia hata hivyo, na kopo la kioo lenye kifuniko, juu ya rafu, litavionyesha vizuri kuliko droo.

Chunguza pia vifuniko vya kalamu zenu. Vingi vina tundu dogo nchani, na tundu hilo halikuwekwa kwa urembo: kiwango cha kimataifa cha ISO 11540 kinahusu vifuniko vya kalamu ili, kifuniko kikimkwama mtoto kooni, hewa iendelee kupita. Kalamu za mapambo zenye vifuniko vya wanasesere wakati mwingine zimezibwa hapo kwa ajili ya kichwa cha mwanasesere. Zile zilizozibwa ziwekeni pamoja na sumaku, ndani ya kabati lenye kufuli.