Chombo hiki kilipindwa ili kukwepa nini?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama kazi ya chombo cha gereji kilichoundwa kwa mkono inaweza kutambulika ikiwa aliyekiunda hayupo tena kuulizwa. Jibu langu ni kwamba mara nyingi inaweza, ilimradi mtazamaji aache kuuliza chombo hicho kinafanana na nini, badala yake aulize kiliundwa ili kukwepa nini. Fundi mwenye kazi mezani hakati spana nzima kwa kujifurahisha. Huikata kwa sababu imegota mahali. Kila mkunjo na kila nati iliyochomelewa pembeni ina kizuizi chake, na ukishakijua kizuizi umekwisha kuikaribia mashine yenyewe.

Karakana yetu hapa Ngamiani imerithi masanduku ya mafundi wa mashamba ya mkonge, watu ambao leo walishika trekta, kesho Land Rover ya meneja, na keshokutwa korona, yaani mtambo wa kuchakata majani ya mkonge. Tangu zao hilo lilipoingizwa nchini mwaka 1893, mitambo yake imetoka nchi mbalimbali, kwa hiyo katika sanduku moja vipimo vya inchi na vya milimita hulala pamoja.

Chukueni spana ya ringi, yaani yenye mdomo wa duara unaoizingira nati nzima, ya milimita 17, iliyopasuliwa mdomoni kwa msumeno wa chuma. Vijana wengi hudhani imevunjika. Lakini pimeni ule mpasuko: ukiwa umezidi milimita 6 kidogo tu, huo ni upana wa kupitisha bomba la dizeli linalokwenda kwenye nozeli, yaani kipulizio cha dizeli kwenye injini. Ringi nzima haiwezi kuivaa nati iliyozingira bomba, na spana ya mdomo wazi hulika pembe za nati iliyokazwa sana. Basi fundi akaifungua ringi kiasi cha bomba kupita, akabakiza meno ya kutosha kuishika nati. Chombo cha namna hiyo huuzwa dukani pia, lakini shambani duka lilikuwa mbali.

Ugumu huanza pale panapokuwa na bolti iliyochomelewa kwenye kipande cha bati nene, chombo ambacho ni dhahiri kilikuwa cha kuvutia kitu, ila haijulikani ni kitu gani. Hapo mimi huyahesabu meno ya bolti kabla ya kutazama kingine chochote. Bolti ya nusu inchi yenye meno 12 kwa kila inchi ni ya mfumo wa Whitworth, uliopendekezwa Uingereza mwaka 1841, na pembe ya meno yake ni nyuzi 55. Ya unene uleule yenye meno 13 ni ya mfumo wa Kimarekani, nayo pembe yake ni nyuzi 60. Tofauti ya jino moja hutenga mtambo wa zamani wa Kiingereza na trekta la Kimarekani. Hata namba za spana hutaka uangalifu, kwani spana ya Whitworth iliyoandikwa 1/2 ina mdomo unaozidi milimita 23, kwa kuwa namba hiyo ni ya unene wa bolti, wala si ya upana wa kichwa chake.

Bomba lililogongwa kwa moto hadi ncha yake ikawa na pembe sita lisiwasumbue. Likiwa na milimita 52 ndani, ni la nati za habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya Land Rover.

Vyenye makali ndivyo vinavyodanganya zaidi. Kipande cha springi ya lori kilichonolewa ncha kila mtu atakiita tindo, lakini pitisheni tupa mpya kwenye makali hayo: ikiteleza, chuma kilipashwa moto na kuzimwa ili kikate chuma kingine, ikiuma kwa urahisi, hakikukata chuma kamwe, na yaelekea kilikuwa cha kukwangua gasketi kuukuu, yaani kiziba kinachowekwa kati ya vyuma viwili visivuje. Tazameni pia upande wa pili, kwani kisichokuwa na kichwa kilichopasuka na kutanuka kwa nyundo kilisukumwa kwa mkono tu.

Katika masanduku hayo mna kisu kifupi chenye umbo la mundu, kilichonolewa upande wa ndani peke yake. Fundi mmoja mzee alishikilia kwamba ni cha kukatia majani. Mimi sikukubali, kwa sababu mpini wake ni wa nondo ndefu iliyopinda karibu na ncha, na hakuna mkata majani anayehitaji kuufikisha mkono wake nyuma ya kitu. Mwenye haja hiyo ni mtu wa korona: nyuzi za mkonge hujizungusha kwenye shafti karibu na beringi, mahali ambapo kisu kilichonyooka hugonga fremu, na nyuzi zenyewe hukatwa kwa kuvutwa. Mzee alikigeuza mkononi, akaniuliza mbona basi kutu yake imekula zaidi upande mmoja. Nilimjibu kwamba maji ya mkonge yana asidi, na ubapa huo ndio uliolalia shafti.

Msomaji, Ngamiani, Tanga