Jina la istilahi lije mwisho

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: wanafunzi wa sekondari wajifunze vipi istilahi za fasihi na za ufahamu, na je, kukariri orodha kunawafaa? Mimi nafundisha vijana Kiswahili nyakati za jioni huku Kisauni, wengi wao wa kidato cha tatu na cha nne. Jibu langu ni kwamba jina la istilahi lije mwisho. Mwanafunzi aone kwanza maneno yanafanya kazi gani, aieleze kazi hiyo kwa lugha yake, ndipo apewe jina.

Huwa naandika ubaoni: "Feri iliguna, ikauacha ukingo wa Likoni shingo upande." Siulizi hiyo ni tamathali gani. Nauliza, feri huguna? Watasema haiguni, hiyo ni injini. Basi kwa nini mwandishi hakusema injini ilinguruma? Hapo darasa huchangamka. Mmoja atasema feri imefanywa kama mtu aliyelazimishwa safari. Mwengine ataongeza kwamba huenda aliyepanda ndiye asiyetaka kuondoka, na feri imebebeshwa moyo wake. Nikiwaambia sasa kwamba hiyo ni tashihisi, jina limepata mahali pa kukaa. Aliyeanzia kwenye jina huandika "mwandishi ametumia tashihisi", akanakili sentensi, akaishia hapo. Swali lilitaka umuhimu wa mbinu hiyo, na alama zilikuwa huko.

Istilahi inayowasumbua kupita zote ni nafsineni, na sisi wa Mombasa tuna kifaa cha kuifundishia kilichomo kila nyumba: leso. Mpe mwanafunzi leso iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", umuulize ni nani anayesema. Jibu la haraka ni mama aliyeivaa. Lakini mama ameinunua Biashara Street, na maneno yalikuja yameshapigwa chapa. Aliyeyaandika hatumjui, na huenda hana ugomvi na mtu yeyote. Sauti iliyomo ndani ya maneno yenyewe ni ya mtu anayeonewa wivu, na huyo ndiye nafsineni. Ukija kwenye toni, mwengine husikia uchungu, mwengine dharau, na wote nawakubalia maadamu kila mmoja ataonyesha neno lililomfikisha hapo. Tena wanaingia kwenye mjadala mzito: mama akiivaa leso ile siku jirani fulani anapita, je, ameyafanya maneno kuwa yake? Anayelengwa ni nani, na amejuaje kuwa analengwa? Mji huu ndio wa mshairi Muyaka bin Haji, aliyetunga wakati Wamazrui, watawala wa Mombasa, wakipimana nguvu na Sayyid Said wa Omani, na mafumbo yake yalihitaji msikilizaji mwenye sikio la namna hiyohiyo. Kijana aliyewahi kumtenganisha mvaaji, mtunzi na nafsineni kwenye kitambaa haandiki tena kwamba mshairi ni yatima kwa kuwa shairi limesema "mimi yatima".

Kinaya na kejeli nazo hazitenganishwi kwa maana za kamusi. Mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa ananunua maji ya mkokoteni, mtungi baada ya mtungi: hicho ni kinaya, kwa kuwa mambo yamekwenda kinyume cha tulivyotarajia. Jirani akimwambia, "Hongera mwenyekiti, naona bomba lako lina magurudumu," hiyo ni kejeli. La kwanza limo katika hali, la pili limo kinywani mwa mtu.

Kuhusu arudhi, yaani kanuni za kutunga mashairi, masikio ya watoto wetu yameshafundishwa na kasida za madrasa kabla ya mwalimu wa Kiswahili kuwaona. Nawapa mshororo huu: "Mji 'melala fofofo, taa zote zimezima." Wapige makofi kwa kila silabi. Manane katika ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, manane katika utao, nusu ya pili. Sasa warudishe "umelala" kamili. Makofi yanakuwa tisa na mshororo unachechemea. Inkisari, yaani kufupisha neno ili mizani itimie, wameipata kwa viganja vyao, na sababu yake wameipata papo hapo.

Sasa nije kwenye ufahamu, ambako naona wanafunzi wetu wanaonewa kwa kutofundishwa. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ina alama 15 za ufahamu na 15 za ufupisho, na wengi wetu huchukulia kwamba pale hapana istilahi, ni kusoma na kujibu tu. Zipo, nazo zimo katika maswali yenyewe. "Taja" inataka hoja bila maelezo. "Eleza" inataka hoja pamoja na maelezo yake. "Thibitisha" inamtaka mwanafunzi arudi kwenye kifungu alete ushahidi, si maoni yake kuhusu maisha. "Tofautisha" inataka pande zote mbili zipimwe kwa jambo moja. Kusema huyu ni mrefu na yule ni mkarimu hakujatofautisha kitu. Halafu kuna lile agizo la kueleza maana ya neno "kama lilivyotumika katika kifungu". Kifungu kinasema baba alimwaga unga bandarini, na mtoto anaandika kwamba kiroba kilipasuka, ilhali aya nzima inasimulia alivyofutwa kazi. Mtoto huyu Kiswahili anakijua. Hakuna aliyemwonyesha kwamba aya ndiyo inayotoa maana.

Kuna walimu watakaoniambia silabasi ni ndefu na muda hautoshi. Nawaelewa, na orodha siikatai. Wanafunzi wangu huitengeneza wao wenyewe: kila istilahi ina ukurasa wake daftarini, na haiingii mpaka mwenye daftari ameleta mfano aliouokota mwenyewe, kwenye taarabu, maandishi ya matatu au mazungumzo ya barazani, akaandika chini yake mfano huo unamfanya nini msikilizaji. Daftari la namna hiyo hujaa polepole. Lakini wakati wa marudio wanaliamini kuliko kijitabu chochote cha kununua, kwa kuwa kila mfano wanakumbuka waliusikia wapi.

Kwa wazazi, msiogope kwamba istilahi hamzijui. Mtoto akimaliza kusoma hadithi au shairi, muulizeni ni nani anayesema, anamwambia nani, na yeye amejuaje. Akijibu hilo la tatu kwa kuonyesha mstari kwa kidole, mwacheni aende kucheza.