Usipande KICC kwa kalenda ya Mbeya

Mwaka juzi mwezi wa saba nilimsindikiza shangazi yangu Nairobi, mwanae anaishi kule na mjukuu alikuwa anabatizwa, nikasema hapo hapo namuunganishia na kupanda KICC, lile jumba refu la mikutano la Kenyatta katikati ya jiji, maana nimelitamani tangu mdogo. Nilikuwa naliona kwenye kalenda za ukutani, siku hizi hata noti za Kenya zilizotoka 2019 zote zina picha yake, kwa hiyo hata ukibadilisha hela tu Namanga tayari unalo mfukoni.

Kosa langu lilikuwa moja na ndilo limenifanya niandike. Sisi watu wa Mbeya mwezi wa saba kichwani ni kiangazi. Baridi inauma kweli, Kitulo huko majani yanaganda barafu, lakini anga ni jeupe peee, ukisimama Mwanjelwa unauona mlima Loleza mpaka minara ya juu yake unaweza kuihesabu. Nikajua na Nairobi ndiyo hivyo hivyo, si nchi ya baridi kama kwetu, iko juu kama kwetu. Nikamwambia shangazi twende, tutauona Kilimanjaro kwa upande wa pili.

Kumbe bana, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane Nairobi ndiyo miezi yao ya mawingu. Mvua ya maana hakuna ila anga limefunikwa kama sufuria ya ubwabwa, jua linaweza lisichungulie mpaka jioni. Na mwezi wa kwanza na wa pili, sisi tukiwa tunalowa na kukwama kwenye tope, wao ndiyo jua linawaka na wanaona mpaka mbali. Kalenda yao na yetu zimepishana, hili hakuna aliyeniambia.

Tulifika getini kama saa 5 hivi. Mlinzi akamwangalia shangazi alivyojifunga kanga mbili juu ya sweta, akasema, "Mama, leo juu ni mawingu tu, hamtaona mbali." Shangazi akamjibu, "Baba, sisi tumetoka Mbeya, siku mbili njiani, tutaangalia hayo hayo mawingu." Jamaa akacheka akatuelekeza pa kulipia, shangazi akamwachia "ndaga fijo" yake, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, sijui kama aliielewa.

Lifti sasa. Shangazi hajawahi kupanda lifti maisha yake yote, alinishika mkono wa sweta mpaka uzi ukavutika, na ilivyoanza kwenda kasi masikio yakaziba kama unashuka mlima Kitonga, akawa anasema "tunaenda wapi, tunaenda wapi" na wale wanafunzi tuliopanda nao wanajizuia kucheka. Ukiwa na mtu mzima mwambie mapema kuhusu hili, mwambie masikio yataziba, ameze mate. Na mwambie kwamba lifti haikufikishi kileleni, inaishia ghorofa ya 27 halafu kuna ngazi za kupanda kwa miguu mpaka paa lenye uwanja wa helikopta, mwenye magoti mabovu apande pole pole, hakuna anayemkimbiza.

Juu upepo mkali. Chini yetu kabisa tuliona vizuri: mnara wa saa wa bunge, kanisa la Holy Family, na lile paa la ukumbi wa pembeni lenye ncha kama nyumba ya msonge, honi za matatu zinapanda mpaka huko. Baada ya hapo, nyeupe. Vilima vya Ngong hakuna, mbuga ya wanyama hakuna. Shangazi akazunguka kote, upande huu, upande huu, akarudi akasimama mbele yangu. "Huu ukungu si ndio ule ule wa kwetu Kawetere? Nimelipa hela kuja kuuangalia huku?"

Sikuwa na jibu aisee.

Nilirudi mwaka jana mwezi wa pili, peke yangu, nikiwa na shughuli zangu nyingine, na safari hii nikawahi, saa 3 na nusu asubuhi nikawa juu tayari. Tofauti yake siwezi kuielezea vizuri. Vilima vya Ngong vimejipanga kule magharibi kama vifundo vya ngumi, ukigeuka kusini mji unakatika ghafla na nyika ya mbuga inaanza, yaani wanyama na maghorofa wanapakana kama shamba na shamba. Uhuru Park kijani, stesheni ya reli kule, Times Tower yenye ghorofa 38 imekupita kimo. Mlima Kenya niliuona kaskazini kama jino tu, dakika chache wingu likaufunika. Kwa hiyo hata mwezi mzuri, wahi. Kilimanjaro sikuuona, nisiwadanganye.

Kabla ya kupanda hebu lizunguke na jengo lenyewe kwa chini, watu wengi wanakimbilia lifti tu. Lilianza kujengwa 1967 likaisha 1973, ghorofa 28, mita 105, na wachoraji wake ni Mnorway Karl Henrik Nøstvik na Mkenya David Mutiso. Mwanzo lilikusudiwa kuwa makao ya KANU, chama tawala cha wakati huo, baadaye likaongezwa, na mwaka huo huo wa 1973 likapokea mkutano wa Benki ya Dunia na IMF. Mimi kilichonivutia ni rangi, ule wekundu wa udongo wa kuchoma, ukilisogelea unaona ni rangi ile ile ya matanuri yetu ya matofali. Huko juu zamani kulikuwa na mgahawa unaozunguka taratibu huku watu wanakula, hebu fikiria chai yako inatembea.

Mambo ya hela: uliza kwanza bei ya sisi wa Afrika Mashariki kabla hujatoa kitu, na uwe na kitambulisho au pasipoti mkononi. Kenya kila kitu ni M-Pesa, hivyo ukiwa na mwenyeji mwenye laini ya kule atakurahisishia, mimi binamu ndiye alilipa nikamrudishia. Pale uwanjani kwenye sanamu ya mzee Kenyatta kuna wapiga picha wanakukaribisha kwa bashasha, elewaneni bei kabla hajabonyeza, akishabonyeza umekwisha. Na ukitoka nje ya geti simu irudi mfukoni, lile ni katikati ya jiji.

Njia niliyotumia mimi ni basi la alfajiri kupitia Iringa, Dodoma, Babati mpaka Arusha, ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa hiyo lala Arusha usijitese, kesho yake asubuhi kosta ya Namanga. Pale mpakani unagongewa mihuri ya nchi zote mbili kwenye jengo moja. Beba na kadi ya homa ya manjano.

Ile mara ya pili nikiwa juu nilimpigia shangazi kwa video nimwonyeshe. Akapokea akiwa jikoni kwake Uyole, mvua imeshika kwenye bati mpaka simsikii, naona mdomo tu unacheza. Nikageuza simu upande wa Ngong, nikaishikilia. Akaisogeza yake usoni ikabaki jicho moja tu kwenye kioo, halafu akapiga kelele kushinda mvua: "Mwe! Hilo ni jua? Ulinipeleka lini wewe?"